Moto Ndani ya Klarineti

Kabla sijaishika klarineti mkononi niliambiwa haipendi vitu viwili: maji na jua. Habari ya moto hakuna aliyenitajia, nami sikuuliza.

Aliyenionya ni mama mwenye nyumba niliyopanga Tuwan, mjini Kitale. Alikuwa amepita miaka sabini, ameolewa Sirisia, na wapangaji wote tulimwita Kukhu, jinsi Wabukusu wanavyomwita nyanya. Mimi ni mtu wa mlimani. Nilizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, nikaacha shule nikiwa darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nimeshona viatu, nimechimba visima, nimefufua redio, baiskeli, cherehani na pampu za maji. Hakuna hata kimoja nilichosomea. Nikiona kitu kina skrubu, vidole vinaniwasha mpaka nijue ndani kuna nini. Nilikuwa pia na tabia ambayo siisifu: nikiharibu kitu cha mtu, nilihama. Kuna miji miwili niliyohama kwa sababu ya pampu moja na cherehani moja.

Kukhu alijua nusu ya hayo. Alijua nilimtengenezea jiko, kufuli ya choo na miwani yake, na kwa sababu hiyo alinipa sifa nyingi kuliko nilivyostahili. Alasiri moja aliniita chumbani kwake, akavuta kisanduku cheusi kutoka uvunguni mwa kitanda.

"Fungua," akasema.

Ndani, kwenye kitambaa chekundu kilicholiwa na nondo, kulikuwa na vipande vitano vya zumari nyeusi yenye vyuma vyeupe. Ikatoka harufu kali, chachu, iliyonipiga puani.

Kukhu na mumewe walipiga katika bendi ya kanisa huko Bungoma kwa miaka mingi. Mumewe alipiga tarumbeta, yeye klarineti, mwanamke peke yake kwenye safu ile. Walipozeeka wakahamia Kitale na vyombo vikawekwa. Mzee akafa. Siku ya kumzika Sirisia, Kukhu alitoa klarineti ili ampigie wimbo ambao walikuwa wakiupiga pamoja tangu ujana wao. Akapuliza, haikulia. Ilitoa pumzi tupu, kama mtu anayepoza chai. Akajaribu mara tatu watu wakimtazama, kisha akakaa chini, na mchungaji akaendelea na ibada.

"Sasa mwaka karibu iishe," aliniambia. "Watoto watakuja kujenga kaburi na simiti, na kutakuwa na ibada ya ukumbusho. Imebaki wiki tano. Mimi sitaki kuaibika mara ya pili mbele ya yule mzee. Utanisafishia hii kitu?"

"Hii ni kazi ndogo, Kukhu."

"Si ndogo. Sikiza. Usitie maji. Usianike kwa jua. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaibeba hadi chumbani kwangu. Simu yangu ilikuwa ya kubonyeza, haikuwa na video ya kunifundisha, na nakiri kwamba hata kama ingekuwa nayo nisingetazama. Nilitegemea kichwa changu. Nikachungulia kwenye bomba nikaona ukungu na utando wa kijivu, nikanusa tena, na mara moja nikaitambua harufu ile. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa ambacho kimesahauliwa.

Kwetu mlimani kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji na kuachwa hivyo. Mama yangu alikuwa na fimbo za mti maalumu, anaichoma fimbo ncha hadi igeuke kaa jekundu, halafu anaisokomeza ndani ya kibuyu na kusugua, akizungushazungusha mpaka kaa lisagike na kushika kuta zote. Uchachu hufa, ukungu hufa, na maziwa hukaa siku nyingi yakiwa na harufu tamu ya moshi. Nilifanya kazi hiyo tangu utotoni na hakuna aliyewahi kunilaumu. Basi nilipotazama lile bomba jeusi, jembamba, la mti, lisilotaka maji wala jua, nilijiona mtu mwenye bahati. Nilijua la kufanya. Nilitembea hadi nje ya mji kutafuta mti ule, nikachonga fimbo nyembamba kama penseli, nikawasha jiko.

Pingili ya chini, yaani kile kipande kirefu cha chini, ilikubali. Niliisugua ikatoka ikinukia kama nyumbani. Pingili ya juu ndiyo nyembamba zaidi, na kaa lilikwama katikati. Nikasukuma. Nikasikia mlio mdogo, *tik*, kama punje ya mahindi inapoanza kupasuka kikaangoni. Nilipoigeuza niliona ufa umeanzia juu kabisa, umeshuka urefu wa kidole gumba, umepita katikati ya tundu moja.

Nikafunga begi langu. Halikuchukua muda, maana sikuwa na vitu vingi, na mikono yangu ilikuwa imeizoea ile kazi. Nikaviacha vile vipande mezani juu ya gazeti na kutoka. Nilifika kwenye geti. Nitakuwa mwongo nikisema ni dhamiri iliyonisimamisha. Kilichonisimamisha ni kwamba wakati nafunga zipu nilikuwa nimeutazama ule ufa, na ndani yake mti ulikuwa mweusi vilevile. Mti gani mweusi mpaka ndani? Nilikuwa nimedhani ni rangi. Nikasimama na begi mgongoni nikijiuliza, na nikiwa bado najiuliza Kukhu akatokea kona ya nyumba na ungo wa maharagwe.

"Unaenda wapi na begi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba klarineti imepasuka. Akauweka ungo chini polepole.

"Si nilikwambia usitie maji?"

"Sikutia maji, Kukhu."

"Si nilikwambia usianike kwa jua?"

"Sikuianika."

"Sasa imepasukaje?"

"Nilitia moto."

"Ati nini?"

"Moto. Kama kibuyu."

"Wewe mtu ya mlima," akasema, "unaona klarineti ya kanisa, unafikiria maziwa?" Akachukua ungo wake akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Jioni ile hakunisalimu. Asubuhi pia hakunisalimu. Nilikuwa nimezoea kufukuzwa na kutukanwa, lakini ukimya wa mtu anayepita karibu nawe akienda kuchota maji, huo sikuwa nimeuzoea, na ungenishinda.

Siku ya tatu alikuja na kisanduku kimefungwa kwa leso.

"Kuna mzee Webuye alikuwa anatengenezea bendi yetu vyombo. Kama hajakufa, atakuwa hapo karibu na reli. Enda. Na usirudi bila hiyo kitu."

Mzee huyo hakuwa amekufa. Ujana wake wote alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha karatasi, na Jumamosi alitengeneza tarumbeta na ngoma za makanisa. Nilimkuta kwenye baraza lake akirekebisha kufuli. Akafungua leso, akainua pingili ya juu hadi kwenye mwanga, kisha akainusa.

"Nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, mzee."

"Nimetengeneza klarineti ilikanyagwa na ng'ombe. Ingine ilikaliwa na mama ya mchungaji, na huyo mama hakuwa mwembamba. Lakini kuchomwa makusudi, ati ni kusafisha, hii ni ya kwanza." Akanusa tena. "Inanukia vizuri lakini. Ulitumia mti gani?"

Nikamweleza, na kwa mshangao wangu akaiweka klarineti chini akanihoji habari ya vibuyu kwa muda mrefu: mti ule unamea wapi, kaa linasagwa vipi, maziwa yanakaa siku ngapi. Alikuwa mtu kama mimi, wa kutaka kujua tu. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliuliza kabla ya kugusa.

Halafu zamu yangu ikafika. Niliuliza ule mti mweusi ni mti gani.

"Mpingo," akasema.

Mpingo nilikuwa nikiujua kwa sifa, ule wa vinyago vya pwani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mti uliomea kwenye vichaka vya upande wetu huu wa dunia ulikatwa, ukapelekwa ng'ambo, ukatobolewa na kuvishwa vyuma, kisha ukarudi ndani ya sanduku la mmisionari ili mama wa Bungoma aupulize. Nilisafiri sana katika maisha yangu nikidhani nimetembea. Ule mti ulikuwa umenishinda mbali.

"Sikiza," fundi akasema. "Mtu akipuliza, hewa inapita lakini maji inabaki. Ndani inalowa, inavimba. Nje ni kavu. Kama hufuti, ndani na nje zinagombana. Wewe uliwasha ndani ikapanuka mara moja na nje iko baridi. Ungefanya nini kama wewe ni mti? Ungepasuka."

Alihitaji unga wa mpingo wa kujaza ufa. Yeye hakuwa nao, akanirudisha Kitale kuutafuta. "Ya kweli," akaonya. "Si ile wanauzia wageni. Hiyo ni mti yoyote imepakwa rangi ya viatu." Nilizunguka mji mzima. Kwenye duka moja nilipata twiga mweusi mrefu, nikamkwaruza tumbo kwa ukucha, akatoka mweupe, na mwenye duka akanitoa nje kwa maneno ambayo sitayaandika.

Nilirudi kwa Kukhu mikono mitupu nikamweleza. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Aliingia ndani akatoka na fimbo ya kutembelea, nyeusi, iliyong'aa kwenye kishikio kwa jasho la miaka. Niliifahamu. Ilikuwa imesimama nyuma ya mlango wake tangu nihamie pale, na hakuna aliyekuwa akiigusa.

"Hii mzee alinunua Mombasa tulienda na bendi," akasema. "Kata chini. Kishikio usiguse."

Nilikata kwa msumeno wa chuma kipande cha chini, urefu wa kiganja, na fundi wa Webuye akaniketisha nikipige tupa juu ya karatasi mpaka nikapata kijiko kimoja cha unga mweusi, laini kama wanja. Akaufungua ufa kidogo kwa wembe, akaujaza unga, akadondoshea gundi inayokauka haraka, tone kwa tone, huku amezuia pumzi. Kisha tukaifunga pingili kwa uzi wa nailoni tukikaza kila mzunguko. Mikono yangu ndiyo iliyokaza, yake haikuwa tena na nguvu.

Nilikaa kwake siku nne. Nilijifunza kwamba springi za klarineti ni sindano, na kwamba sindano ya cherehani ikipashwa moto kidogo na kukunjwa inafanya kazi ileile. Vile viziba vidogo vinavyofunika matundu vilikuwa vimeoza. Tulivitengeneza upya kwa sufu ya kofia kuukuu iliyovikwa ngozi laini ya mbuzi. Pale pingili zinapoingiana, utepe wa gome la kizibo uliozungushiwa zamani ulikuwa umekauka na kumeguka. Tulizungushia uzi wa pamba uliosuguliwa kwa nta ya nyuki. Mafuta hayakuwa ya kupikia, kama nilivyotaka kufanya. Yalikuwa mafuta ya lozi ya duka la dawa, yale akina mama wanawapaka watoto, na si ya kumwaga. Ni tone moja kwenye kitambaa.

Kupima kama kiziba kinafunga sawasawa alinifundisha kwa karatasi ya sigara. Unaichomeka chini ya kiziba, unabonyeza, unavuta. Ikitoka bila ubishi, hewa inavuja hapo. Nilivuta ile karatasi mara mia labda. Kila iliposhikwa nilifurahi kama mtu aliyeshikwa mkono na mtoto mchanga.

"Bado unataka kuhama?" fundi aliniuliza siku ya kuondoka. Nilikuwa nimemsimulia habari ya pampu na cherehani.

"Sijui, mzee."

"Basi rudi uangalie kama inalia. Uhame ukijua."

Nilimkabidhi Kukhu kisanduku wiki mbili kabla ya ibada. Aliunga vipande, akalowesha kwa mate ulimi wa mwanzi, kile kibamba chembamba kinachotoa sauti, akaufunga kwenye mdomo wa klarineti, akapuliza sauti moja ya chini. Ikatoka. Ilitetemeka lakini ilikuwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha Kukhu au sifa. Yeye alichomoa mdomo akasema, "Dakika tano tu leo. Huyu ni mgonjwa ametoka kitandani."

Kila alasiri aliongeza dakika chache. Mpingo uliolala miaka ukiloweshwa ghafla unaweza kupasuka tena, kwa hiyo alikuwa na subira na mti kuliko alivyokuwa na mimi. Na kila alipomaliza kulikuwa na sheria moja: kufuta kwanza. Kitambaa kilikuwa kipande cha shuka kuukuu, kimeshonewa kamba yenye nati ndogo mwishoni, nati imezungushiwa uzi isikwaruze. Unaidondosha nati upande mpana, inatokea upande mwembamba, unavuta taratibu, mara tatu. Chakula kikiwa mezani kinangoja. Mgeni mlangoni anangoja.

Siku za mwanzo kitambaa kilitoka cheusi kwa masizi yangu.

"Maziwa yako inatoka," Kukhu alisema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya ungo.

Siku ya ibada, Sirisia ilikuwa na ukungu na manyunyu. Kaburi lilikuwa limeshasakafiwa, hema limefungwa, watoto wake wamefika kutoka mbali. Kukhu alinipa pingili ya juu.

"Weka kwa kwapa, ndani ya koti. Hiyo baridi ikikutana na pumzi yangu, tumerudi Webuye."

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na klarineti kwapani wakati hotuba zinaendelea. Alisema shemeji, akasema chifu, akasema mtu ambaye hakumjua marehemu lakini alikuwa na mpango na kura zetu. Niliogopa kupumua. Nilikuwa nikiusikia ule ufa uliozibwa ukinigusa ubavuni, au nilidhani nausikia.

Mwanawe mkubwa aliinama karibu na mama yake. "Mama, usijisumbue. Ile siku ilikuwa shida. Tuko na spika hapa, wimbo naweka kwa simu, itasikika vizuri."

"Simu ilijua baba yako?" Kukhu akauliza.

Akaniashiria. Nikaitoa pingili ikiwa na joto la mwili wangu, akaunga, akasimama karibu na kaburi. Sauti ya kwanza ikatoka sawa. Ya nne ikakwaruza, ikalia kama kuku aliyekanyagwa, na nikaona mabega ya mwanawe yakishuka. Kukhu akaacha. Akaulamba ulimi wa mwanzi bila haraka, akaukaza kwa kidole kimoja, akaanza upya kutoka mwanzo.

Watu walisikiliza wakiwa wamekunja uso kidogo, maana hawakuutambua wimbo. Mimi pia sikuutambua, ingawa niliusikia kila alasiri kwa wiki mbili. Ulipanda mahali ambapo hukutarajia, ukakaa kimya mahali ambapo ulitarajia neno. Ndipo mzee mmoja wa kanisani, nyuma kabisa, akaanza kuimba juu yake, na wote tukaelewa kwa pamoja. Kukhu hakuwa akipiga wimbo wenyewe. Alikuwa akipiga sehemu yake, sauti ya pili, kama alivyoipiga miaka yote. Wimbo ulikuwa wa tarumbeta. Alikuwa amemwachia mumewe nafasi yake.

Hema zima likaijaza nafasi ile kwa kuimba. Alipiga beti tatu na hakukosea tena. Mwanawe alikuwa ameiweka simu mfukoni na amefunika macho kwa kofia.

Nimepewa vitu vingi na watu ambao sikuwalipa chochote: mahali pa kulala, chai, kazi. Lakini vingi nilipewa na watu ambao sikuwa nimewaharibia kitu. Kukhu ndiye wa kwanza kuniachia mkononi kitu kilekile nilichokiharibu, akaniambia nikirudishe kikiwa kizima. Sijui kama fundi wa Webuye anajua alichonifanyia. Nilimpelekea kibuyu cha maziwa kutoka kwetu, kimesuguliwa kwa moto sawasawa, akaniambia amekunywa yote na mkewe hakupata.

Baada ya sala ya mwisho watu walipanga mstari wa chakula, na harufu ya pilau ilikuwa imenitesa tangu asubuhi. Kukhu aliniletea klarineti mwenyewe.

"Futa kwanza," akasema.

Nikaenda nyuma ya tangi la maji ambako hakukuwa na mtu, nikaitenganisha vipande, nikadondosha nati, nikavuta. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka kimelowa. Mara ya pili kikatoka na unyevu tu. Mara ya tatu nilikinyoosha kwenye mwanga nikakitazama. Pembeni kabisa palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu.

Kukhu alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani mbili.

"Masizi bado inatoka?"

"Bado, Kukhu."

"Basi huwezi kuhama," akasema, akanipa sahani yenye nyama nyingi.